Mstari ni Ahadi: Fikira juu ya Uchoraji wa Kompyuta Shuleni

Katika Kiswahili neno sanifu hufanya kazi mahali pawili ambapo kwa mtazamo wa haraka hapana udugu. Lugha iliyopimwa, ikakubaliwa na watu wa pwani na wa bara, ikaandikwa kwa namna moja, huitwa Kiswahili sanifu. Na mtu aliyesomea ufundi hata akaweza kuchora kabla ya kujenga, na kukadiria kabla ya kukata, huitwa fundi sanifu. Atazamaye vizuri ataona kwamba udugu upo. Katika mambo hayo mawili kuna kipimo ambacho si cha mtu mmoja, bali kimewekwa ili mtu mwingine, aliye mbali na asiyetujua, apate kukitegemea. Mwalimu wa Makete na karani wa Pemba huelewana kwa sababu ya lugha sanifu. Mwashi na seremala ambao hawajapata kuonana huelewana kwa sababu ya mchoro. Kusanifu, basi, ni kuweka neno ambalo wengine watalishika.

Nimeanza na neno hili kwa sababu jambo ninalotaka kulizungumza na walimu na wanafunzi linaonekana kuwa la mitambo tu, kumbe ni la maadili. Uchoraji wa kihandisi ni somo la siku nyingi katika nchi yetu. Katika Nyanda za Juu Kusini lina makao yake ya zamani. Pale Ifunda, mkoani Iringa, ambapo wakati wa Vita Kuu ya Pili palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 shule ya ufundi, ambayo leo ni sekondari. Mjini Mbeya ipo Shule ya Sekondari ya Ufundi ya Iyunga; kipo pia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, ambacho mizizi yake ni Chuo cha Ufundi kilichoanzishwa mwaka 1986 kwa makubaliano baina ya Tanzania na Urusi ya wakati ule. Vyuo vya VETA navyo vimeenea. Na sasa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imefungua mkondo wa amali katika elimu ya sekondari, ili kijana atoke shuleni akiwa na kazi mkononi na si cheti peke yake.

Katika makao hayo yote penseli imekutana na kompyuta. Ubao wa kuchorea, rula ya herufi T, bikari na kifutio vinapisha kioo na kipanya. Hapo ndipo linapozaliwa swali letu. Je, kijana ambaye mstari wake umenyooshwa na mashine amejifunza kuchora? Na mstari huo ukidanganya, aliyedanganya ni nani? Baadhi ya wazee wa ufundi hujibu swali la kwanza kwa kutikisa kichwa. Vijana hulijibu kwa kucheka. Swali la pili halijibiwi na yeyote, na hilo ndilo kubwa.

Yafaa kwanza tuijue mashine yenyewe, maana haifai kumhukumu mgeni kabla ya kumuuliza jina. Mwaka 1963 kijana wa Kimarekani, Ivan Sutherland, alionyesha katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts programu aliyoiita Sketchpad, ambayo kwayo mtu aliweza kuchora juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya nuru. Wakati huo kompyuta ilijaza chumba. Miaka 19 baadaye, mwaka 1982, kampuni ya Autodesk ilitoa programu ya AutoCAD, iliyoweza kufanya kazi katika kompyuta ndogo za mezani, na tangu hapo uchoraji wa namna hii ukaingia katika ofisi za wasanifu duniani kote. Kazi ya programu hizi si kubuni. Ni kukumbuka kila nukta mahali ilipo, kuunga nukta kwa mstari usiopinda, kurudia bila kuchoka, na kurekebisha bila kuacha alama ya kifutio. Ukiagiza ukuta wenye urefu wa mita 8, utapewa mita 8 kamili. Ukikosea ukaagiza mita 80, utapewa mita 80, nao utakuwa umenyooka vilevile.

Hofu ya wazee si ya leo. Mwanafalsafa wa Kiyunani, Plato, alisimulia zaidi ya miaka 2,300 iliyopita habari za mfalme wa Misri aliyeletewa zawadi ya maandishi akaikataa, akihofu kwamba watu wakianza kuandika wataacha kukumbuka. Sisi tulio katika fani ya ushairi tunajua kwamba mfalme yule hakusema uongo. Walikuwapo watu katika mwambao wetu waliohifadhi tenzi ndefu kwa kichwa, na leo ni wachache. Lakini tunajua pia kwamba bila maandishi tenzi nyingi zingezikwa pamoja na waliozihifadhi. Kila chombo kipya hutupa kitu na kutunyang'anya kitu. Mwenye hekima hakikatai chombo wala hakipokei kwa kufumba macho. Huuliza: kinachonyang'anywa ni kitu gani, na je, naweza kukikinga?

Ili tujue ni kitu gani kinachoweza kunyang'anywa katika uchoraji, tutazame kwanza kazi ya mkono pasipo mchoro. Hatuhitaji kwenda mbali. Kilomita chache kutoka mji wa Iringa lipo korongo la Isimila, ambako katika miaka ya 1957 na 1958 wataalamu walichimbua mashoka ya mawe kwa wingi. Watu wa kale sana waliyachonga mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Alishikaye shoka moja huona jambo la kustaajabisha: upande wa kushoto unafanana na wa kulia. Jiwe halikuzaliwa hivyo. Umbo lile lilikuwamo kwanza katika fikira za mchongaji, kisha mkono ukalifuata kwa pigo baada ya pigo. Hivyo usanifu ni mkongwe kuliko karatasi, na mahali pake pa kwanza ni ndani ya kichwa cha mtu.

Tushuke sasa hadi Ziwa Nyasa, kwa Wakisi. Mama wa Kikisi hufinyanga chungu chembamba, cha mviringo ulio sawa, wala hana karatasi. Kipimo chake kiko katika vidole. Tupande tena Rungwe. Wasafiri wa Kizungu waliopita huko kuanzia mwaka 1879 waliusifu sana usafi wa vijiji vya Wanyakyusa na nyumba zao za mianzi zilizosukwa kwa ustadi. Wajenzi wale nao hawakuwa na ramani. Basi mtu aweza kuuliza: ikiwa umbo hukaa kichwani na kipimo hukaa mkononi, mchoro wa nini?

Jibu ni hili. Mfinyanzi wa Kikisi ndiye awazaye na ndiye afanyaye. Kichwa na mkono ni vya mtu mmoja, na chungu kikipasuka motoni, anayekula hasara ni yeye. Mchoro huzaliwa siku ile ambapo mwenye kuwaza anaachana na mwenye kufanya. Mmoja atakaa Mbeya akiwaza, mwingine atakuwa Chunya akijenga. Mmoja atachora mwaka huu, mwingine atamwaga zege mwaka kesho. Katikati yao hapana sauti wala mkono, ila karatasi. Karatasi hiyo ndiyo neno la asiyekuwapo.

Mfano mkubwa wa jambo hili umepita katika mikoa yetu. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Sehemu yake ngumu kuliko zote ni ile ipandayo kutoka Mlimba hadi Makambako, ambako njia hupita katika mabonde na majabali. Reli nzima ina madaraja zaidi ya 300 na mahandaki zaidi ya 20. Kabla ya wajenzi walikuja wapimaji, wakatembea porini kwa miguu, wakasoma miinuko na kuiandika, na kutokana na maandishi yao ikachorwa njia. Maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina waliochimba na kujenga hawakuweza kumwuliza kila mpimaji kama kweli alifika juu ya kilima kile au alikikisia kwa mbali. Walimwamini. Na abiria anayelala usingizi behewani usiku wa leo, treni ikivuka daraja juu ya bonde, anaendelea kumwamini mtu ambaye hakumjua na pengine hayupo tena duniani.

Kwa hiyo nasema kwamba mstari ni ahadi. Anayechora anamwambia mjenzi: hapa pana mita tatu, nimepima, jenga. Anamwambia mwenye nyumba: ukuta huu utabeba paa, lala. Na ahadi ina sifa moja ambayo mashine haina wala haitakuwa nayo: huhitaji mtu wa kuitoa na kulaumiwa nayo. Kompyuta yaweza kunyoosha mstari. Haiwezi kuahidi. Kinachoweza kunyang'anywa kijana na chombo hiki kipya si wepesi wa vidole tu, ambao aweza kuishi bila kuwa nao. Ni ile hisia kwamba mstari huu ni wangu, na kwamba kabla ya kuuweka nilipaswa kujua.

Tulitazame jambo hili darasani kwa mfano mwepesi. Mwalimu awaambie wanafunzi wapime chumba chao cha darasa na kukichora. Tuseme urefu ni mita 8 na upana mita 6. Mwanafunzi mwepesi atakaa mbele ya kompyuta, ataandika 8, ataandika 6, na kwa kubofya mara mbili atapata mstatili mzuri wenye pembe nne za mraba. Mwanafunzi mwangalifu atachukua futi kamba na kupima pia kutoka kona hadi kona, maana amefundishwa kwamba chumba cha 8 kwa 6, kikiwa na pembe za mraba, lazima ulalo wake uwe mita 10 pande zote mbili. Akipima anakuta ulalo mmoja ni mita 10 na sentimita 10, na wa pili ni mita 9 na sentimita 90. Chumba kimepinda! Mwashi wa zamani alikosea, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua.

Sasa wanafunzi hawa wawili wanaleta kazi zao. Wa kwanza ameleta mstatili safi. Wa pili ameleta umbo lililoinama kidogo, lisilopendeza jicho. Mwalimu atampa nani alama? Akimpa wa kwanza kwa sababu mchoro wake unapendeza, amewafundisha wote wawili uongo. Maana kesho yule wa kwanza ataagiza dari na marumaru kwa kufuata mstatili wake, navyo havitaingia katika chumba kilichopinda. Wa pili amechora kilichopo. Wa kwanza amechora kinachopendeza, na mashine imemsaidia bila kumkemea, kwa kuwa mashine haikwenda kupima.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa baina ya penseli na kompyuta. Mkono wa mtu asiyejua hujisema wenyewe: mstari hutetemeka, herufi huenda upande, kifutio huacha doa. Mtazamaji huona udhaifu akawa na hadhari. Lakini mchoro wa kompyuta hutoka ukiwa umevaa nguo ya arusi, aliyeuchora awe bingwa au awe ameanza juzi. Mstari wa mjinga na mstari wa mjuzi una unene mmoja na unyoofu mmoja. Wahenga walituonya kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Katika zama za mashine onyo hilo limekuwa kanuni ya kazi, kwani chombo chenyewe kimekuwa hodari wa kung'arisha.

Aidha, yako mambo mengi ambayo mashine haiyajui mpaka aliyeyaishi ayaseme. Seremala wa Mafinga apasuaye mbao za msitu wa Sao Hill anajua kwamba msumeno wenyewe hula mbao kila unapopita, hivyo ubao wa sentimita 20 haupasuliwi ukatoa vipande viwili vya sentimita 10 kamili. Anajua kwamba mbao mbichi husinyaa ikikauka, na mlango uliobana leo utacheza kesho. Anayechora mlango kwenye kioo bila kuwahi kushika randa atatoa mlango ulio sahihi kwa hesabu na mbovu kwa matumizi. Ndiyo sababu somo hili halifai kukaa peke yake katika chumba cha kompyuta. Mlango wake uwe wazi kuelekea karakana.

Liko pia jaribu la kunakili. Zamani kunakili ramani ya nyumba kulikuwa kazi ya siku nzima, na katika siku hiyo mwenye kunakili alipata angalau nafasi ya kufikiri. Leo hunakiliwa kwa kidole kimoja. Sisi tuliokaa katika ofisi za umma, tukipokea maombi ya vibali vya ujenzi, tumekwisha kuona ramani moja ikija kwa majina matatu ya watu watatu wenye viwanja vitatu tofauti, hata mshale wa kaskazini ukiwa umeelekea upande uleule. Kiwanja kimoja kiko mtelemkoni, kingine bondeni, cha tatu kando ya barabara. Lakini nyumba ni ileile.

Nchi yetu haikuumbwa kwa kunakili. Tukuyu hupata mvua ya milimita zaidi ya 2,000 kwa mwaka, na mji wa Iringa haufikii nusu yake. Isimani ni kukavu zaidi. Mbeya imo katika njia ya Bonde la Ufa, ambako ardhi hutetemeka mara kwa mara. Paa lifaalo Isimani litavuja Rungwe. Wazee wetu walilijua hilo bila shule: Wahehe walijenga tembe za mapaa bapa katika nchi yao kavu, na Wanyakyusa walijenga nyumba za mapaa marefu yenye kuteremsha maji katika nchi yao ya mvua. Ni ajabu, basi, kwamba mjukuu mwenye kompyuta anaweza kuwa na maarifa machache kuliko babu asiye na penseli, kwa sababu babu alitazama mbingu kabla ya kujenga, na mjukuu ametazama faili la mwenzake.

Lakini haifai tukaona kwamba elimu ya kigeni na mazingira ya nyumbani ni maadui. Marehemu Beda Amuli, Mtanzania aliyekuwa miongoni mwa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, alisoma ng'ambo na akachora kwa kalamu kama wasanifu wote wa wakati wake. Alipopewa kazi ya Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, hakuleta jumba la Ulaya. Alisimamisha nguzo zilizopanuka juu mithili ya miti, zikatoa kivuli, hewa ikapita, na maji ya mvua yakaongozwa na paa lenyewe. Aliona jua la Dar es Salaam, akaona jinsi watu wetu wanavyouza na kununua chini ya vivuli, ndipo akachora. Chombo alijifunza kwa wengine. Macho yalikuwa yake.

Na jiji hilohilo limetufundisha pia upande wa machungu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka, na watu 36 wakapoteza maisha. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo na kuua watu wengi tena. Maafa ya namna hii hayaletwi na mstari mmoja. Baina ya mchoro na jengo iko mikono mingi: ya anayekadiria nondo, ya anayechanganya zege, ya mwenye mali anayetaka ghorofa moja zaidi, ya mkaguzi anayepita au asiyepita. Kila mmoja wa hao ameshika kipande cha ahadi, na inatosha mmoja akiachilia. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayejifunza leo kuandika vipimo katika mchoro ajue kwamba anaingia katika mnyororo huo. Tarakimu anayoiandika kwa uvivu, kwa sababu kengele ya chakula imelia, ni ya namna ileile na tarakimu ambayo siku moja itabeba watu.

Iko habari nyingine ya uaminifu, ndogo kwa sura, ambayo walimu wengi huipita kimyakimya. Programu nyingi za uchoraji huuzwa kwa bei ambayo shule zetu haziwezi kuilipa, na kwa hiyo nakala za wizi zimeenea. Je, tunaweza kumfundisha kijana kwamba mstari ni ahadi huku tukimkalisha mbele ya chombo kilichoibwa? Udhuru wa umaskini ungekuwa na nguvu kama njia ya halali isingekuwapo. Lakini ipo. Kampuni ya Autodesk yenyewe hutoa programu zake bila malipo kwa wanafunzi na walimu, na ziko programu kama FreeCAD na LibreCAD ambazo ni huria kwa kila mtu, hata baada ya shule. Mwalimu anayetafuta njia hiyo amefundisha somo la kwanza la usanifu kabla ya kuchora mstari wowote.

Taifa letu lina kumbukumbu yake kuhusu kompyuta, nayo yafaa kukumbukwa bila aibu. Mashine hizi ziliingia katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mambo hayakwenda kama ilivyotumainiwa, gharama zikawa kubwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Katazo hilo lililegezwa katika miaka ya 1980. Wapo wanaocheka wakisikia hayo. Mimi siwacheki wazee wale, kwa maana waliona jambo la kweli: mashine ilikuja kabla ya wenye kuijua, tukawa tunalipa wageni ili watutawalie chombo chetu wenyewe. Dawa waliyoitumia ilikuwa kufunga mlango. Dawa iliyo bora, ambayo sasa imo mikononi mwa shule, ni kuwatayarisha wenye nyumba. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alitaka shule imjenge kijana mwenye akili ya kudadisi, awezaye kujifunza kutokana na wanayoyafanya wengine, akayakataa au kuyageuza yafae mahitaji yake. Sioni maelezo mengine yanayomfaa zaidi mwanafunzi aliyekaa mbele ya programu iliyotungwa ng'ambo.

Kama hayo ndiyo makusudi, mpango wa kufundisha nao uyafuate. Kijana aanze na kamba kabla ya kioo. Afundishwe jinsi mafundi wetu wanavyopata pembe ya mraba kwa kamba ya 3, 4 na 5. Ajue timazi na pima maji. Apime darasa, bweni na tangi la maji. Kisha achore kwa mkono kidogo, si kwa sababu penseli ni takatifu, bali ili ahisi kwamba kila mstari una gharama. Ndipo aingie kwenye kompyuta, naye ataingia kama bwana. Na kwa mpango huu shule maskini ya Ludewa au Mbarali isiyo na kompyuta za kutosha haina sababu ya kungoja. Nusu ya elimu hii, nayo ni ile nusu ambayo mashine haiwezi kuitoa, huhitaji kamba, misumari minne na mwalimu mwaminifu. Wala isiwe udhuru wa kuwanyima kompyuta. Kijana aliyekwisha kujua kupima ndiye anayestahili kwanza kupewa chombo cha kuchorea.

Mwalimu asisahau lugha. Programu hizi husema Kiingereza, na mwanafunzi aweza kukariri amri asizozielewa kama kasuku. Lakini mstari, duara, tao, ulalo, pembe, kipimo, tabaka, mkato na mwinuko ni maneno yetu, na fundi wa mtaani anayafahamu. Mchoro ambao aliyeuchora hawezi kuueleza kwa Kiswahili mbele ya mwashi ni ahadi iliyotolewa kwa lugha asiyoijua anayeahidiwa. Kwa hiyo kila kazi ya mwanafunzi na iwe na mtihani wa mdomo: simama, utueleze kila kipimo umekipata wapi. Asiyeweza kujibu, hata mchoro wake ukiwa mzuri kama ua, hajamaliza kazi.

Nalo jina lake aliandike chini ya mchoro, pamoja na tarehe. Desturi hiyo ya wasanifu si mapambo. Ndiyo sahihi ya kiapo. Malenga wa zamani walitia majina yao mwishoni mwa tungo, ili mwenye kusifu ajue wa kumsifu na mwenye kukosoa ajue wa kumkosoa. Ushairi na uchoraji wa kihandisi hukutana hapo: katika mizani isiyodanganya na katika jina lisilojificha. Kwa kuwa mimi ni mtu wa mizani, wanafunzi watanisamehe nikiwaachia ubeti mmoja wa kubandika ukutani katika chumba cha kompyuta:

Mstari ninauchora, jina nitatia langu,
Mashine ijapo bora, dhamana ni juu yangu,
Ukuta ukidorora, lawama si ya mwenzangu,
Nipime kwanza ukweli, ndipo mkono uchore.

Vizazi vya Isimila vilituachia mawe yaliyochongwa sawasawa, nasi tukayajua kwayo maarifa yao bila kujua majina yao. Sisi tutaacha majumba, madaraja na mifereji, pamoja na mafaili yenye majina na tarehe. Watakaokuja watapima ulalo kutoka kona hadi kona, na watajua mara moja kama tulipima.